Tapeti zinazolia: Namna ya kutambua chanzo na kurekebisha bila kuunguza valvu

DEREVA anayeondoka mjini Kisii alfajiri kuelekea Keroka huanza kupanda mlima kabla injini haijapata joto sawasawa. Hapo ndipo wengi husikia kwa mara ya kwanza mlio mwembamba, tiki-tiki-tiki, unaotoka chini ya boneti na kuongeza kasi kila mafuta yanapokanyagwa. Abiria huenda wasiutambue. Dereva huutambua, na fundi wa jua kali atakayeulizwa jioni hutoa jibu la neno moja: tapeti.

Jibu hilo aghalabu huwa sahihi. Kinachokosewa ni tiba. Katika gereji nyingi za kando ya barabara fundi huchukua spana na bisibisi, akasikiliza kwa sikio, akakaza hadi mlio ukome. Gari hurejea kazini likiwa kimya na mwenyewe akafurahi. Majuma machache baadaye, gari lililokuwa likipanda vilima vya Nyamira kwa gia ya pili linadai gia ya kwanza, linatetemeka linaposimama, na silinda moja imelala. Valvu imeungua.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo yatosha kuwa kanuni ya kwanza ya kazi hii: tapeti inayolia huudhi masikio, lakini tapeti iliyonyamazishwa kwa kukazwa kupita kiasi huiharibu injini.

TAPETI NI NINI?

Kila silinda ya injini ina valvu za kuingiza hewa na mafuta, na valvu za kutoa moshi. Valvu hizo husukumwa wazi na kamshafti, yaani mhimili wenye vinundu, kisha hurudishwa na springi. Baina ya kinundu na valvu huwa pana vyombo vya kupitisha msukumo. Katika injini za zamani, kamshafti ikiwa ubavuni, kuna kikombe kidogo kinachopanda na kushuka, ufito mrefu wa kusukuma, na roka inayoyumba kama pembea na kuibonyeza valvu. Kwa asili, tapeti ni kile kikombe. Katika lugha ya gereji, hata hivyo, neno hilo hutumiwa kwa mpangilio mzima, na hasa kwa nafasi inayoachwa baina ya ncha ya roka na shina la valvu.

Nafasi hiyo ni ndogo mno, sehemu tu ya milimita, lakini haikuachwa kwa bahati mbaya. Chuma hurefuka kinapopata joto. Shina la valvu likirefuka bila kuachiwa nafasi, valvu haiwezi kukaa barabara juu ya kiti chake. Gesi za moto hupenya ukingoni na kuulamba kama tochi ya welda. Isitoshe, valvu hupoa hasa kwa kukigusa kiti hicho wakati imefungwa. Isipokigusa, haina pa kulitolea joto lake.

Ndiyo sababu nafasi ya valvu ya moshi katika injini nyingi ni kubwa kuliko ya valvu ya kuingiza. Ya kuingiza hupozwa na hewa mpya kila mara, ilhali ya moshi hupitisha moto tu.

MBONA MILIMA YA GUSII?

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za juu za Nyamira hupita mita 2,000. Katika miinuko hiyo hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Dereva hufidia pengo hilo kwa kukanyaga zaidi na kubaki katika gia za chini muda mrefu. Ongeza mzigo wa ndizi, abiria waliobanana au magunia ya majani chai yanayopelekwa viwanda vya Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi au Kiamokama, nawe utaelewa ni kwa nini valvu za moshi za huku huishi katika joto kali kuliko za gari linalotembea tambarare.

Kosa la kukaza tapeti ambalo lingechukua mwaka mzima kudhihirika kwingineko, huku laweza kudhihirika mapema zaidi. Kwa mwenye gari la kukodisha, hesabu ya kila siku hukoma siku hiyo hiyo.

Tena magari yenyewe si machanga. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri uliozidi miaka 8, lakini likishaingia huendelea kufanya kazi miaka mingi. Peugeot 504, iliyounganishwa humu nchini na kushinda mashindano ya Safari Rally mnamo 1975 na 1978, Toyota Corolla za kale ambazo Wakenya waliziita DX, Land Rover, pikapu za Isuzu na sasa Toyota Probox: zote hutegemea nafasi ile ndogo ya valvu.

JE, KWELI NI TAPETI?

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha mlio ni wa tapeti. Kamshafti huzunguka mara moja kila injini inapozunguka mara mbili. Injini ikiwa katika mwendo wa kupumzika wa mizunguko 800 kwa dakika, valvu moja itagonga mara 400, yaani baina ya mara sita na saba kwa sekunde. Mlio wake ni mwembamba na mkavu, hutokea juu ya injini, na haubadiliki sana gari liwe na mzigo au lisiwe nao.

Milio mingine hufanana nao kwa mbali:

Mgongo mzito kama wa nyundo kutoka sehemu ya chini ya injini, unaozidi gari linapovuta mzigo, ni dalili ya beringi za konrodi. Zima injini na usiliendeshe gari hilo. Hiyo si kazi ya tapeti.

Mlio kama wa kokoto ndani ya mkebe, unaosikika wakati wa kupanda tu na kukoma mguu unapoondolewa kwenye mafuta, ni wa mafuta kulipuka kabla ya wakati wake. Kagua majira ya plagi, ubora wa petroli na joto la injini.

Mlio wa kufoka, chu-chu-chu, unaosikika injini ikiwa baridi na kupungua ikipata joto, huenda ni moshi unaovuja kwenye gasketi ya ekzosi. Masizi meusi kandokando ya gasketi ni ushahidi.

Mlio wa kukwaruza kutoka mbele ya injini ni wa mnyororo wa kamshafti uliolegea.

Kumbuka pia kwamba injini za petroli za kisasa hutoa mlio mdogo wa indikta unaofanana na wa tapeti, na huo si ugonjwa.

Chombo cha kutofautisha milio hiyo ni bisibisi ndefu. Weka ncha yake juu ya kifuniko cha tapeti, na sikio kwenye mpini, huku ukijihadhari na feni na mikanda. Sogeza kutoka silinda moja hadi nyingine. Mahali mlio unapokuwa mkali zaidi ndipo penye tatizo.

ANZA NA OILI

Usiguse spana kabla ya kukagua oili, na uikague gari likiwa mahali tambarare. Hilo si jambo dogo katika mji ambao maegesho mengi yako kwenye mteremko. Gari lililoinama hudanganya kijiti cha oili, na oili ikiwa pungufu, pampu huweza kuvuta hewa wakati gari linapanda au kuteremka mlima mkali. Ikiwa tapeti hulia mlimani tu na kunyamaza kwenye tambarare, shuku oili kwanza.

Oili iliyochakaa nayo huziba vitundu vinavyolainisha mhimili wa roka. Badilisha oili na filta yake, tumia unene ulioelezwa katika kitabu cha gari, kisha usikilize tena baada ya siku mbili au tatu. Usikubali hila ya kutia oili nzito kupita kiasi ili kuzima mlio. Asubuhi ya baridi ya Nyansiongo oili hiyo huchelewa kufika juu ya injini, na roka husagika zikiwa kavu.

AINA TATU ZA MITAMBO

Aina ya kwanza ni ile yenye skrubu na nati kwenye roka. Hurekebishwa kwa spana na bisibisi. Peugeot 504 ya petroli, Land Rover za kale, Toyota za injini ya 4K na pikapu za Isuzu zenye injini ya 4JA1 zimo katika kundi hili.

Aina ya pili haina skrubu. Kamshafti iko juu na hubonyeza vikombe moja kwa moja. Nafasi hurekebishwa kwa kubadilisha kisahani au kikombe chenyewe kwa kingine cha unene tofauti. Probox ya injini ya 1NZ-FE ni mfano unaojulikana.

Aina ya tatu hutumia shinikizo la oili kujirekebisha yenyewe. Hii haina nafasi ya kupima. Ikilia sekunde chache asubuhi kisha ikanyamaza, huenda hakuna kasoro. Ikiendelea kulia hata baada ya kubadilisha oili na filta, pima shinikizo la oili. Likiwa sawa, vikombe vyenyewe ndivyo vya kubadilishwa.

VIPIMO NI AMRI

Nafasi hupimwa kwa fila, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Kila injini ina vipimo vyake, tena kila kipimo kina hali yake: baridi au moto. Kukosea hali ni sawa na kukosea kipimo.

Peugeot 504 ya petroli hupimwa ikiwa baridi: milimita 0.10 kwa valvu ya kuingiza na 0.25 kwa ya moshi. Isuzu 4JA1 hupimwa baridi pia: 0.40 kwa valvu zote. Land Rover ya injini ya lita 2.25 hutaka 0.25 kwa valvu zote. Toyota 4K hupimwa ikiwa moto: 0.20 kwa ya kuingiza na 0.30 kwa ya moshi. Probox ya 1NZ-FE hupimwa baridi: baina ya 0.15 na 0.25 kwa ya kuingiza, na baina ya 0.25 na 0.35 kwa ya moshi.

Fila nyingi za zamani zimeandikwa kwa sehemu za elfu za inchi. Nambari 4 ni sawa na takriban milimita 0.10, nambari 10 ni 0.25, na nambari 16 ni 0.40.

HATUA KWA HATUA

Maelezo yafuatayo ni ya injini ya silinda nne yenye skrubu, inayolipua kwa mpangilio wa 1-3-4-2, ambao ndio mpangilio wa injini zote zilizotajwa hapo juu.

Kwanza, ikiwa kipimo ni cha baridi, gari na lilale usiku kucha. Kazi ifanywe asubuhi. Alasiri za Gusii mvua hunyesha mara kwa mara, aghalabu ikiandamana na mawe, na injini iliyofunguliwa chini ya mwembe si mahali pa kupokea maji wala vumbi la barabara ya changarawe.

Pili, egesha kwenye tambarare, tia breki ya mkono na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Gia iwe huru. Ondoa waya wa betri. Futa uchafu juu ya injini, kisha ufungue kifuniko cha tapeti bila kuichana gasketi. Toa plagi ili injini izunguke kwa wepesi.

Tatu, zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya krenkishafti, ukifuata upande wa kawaida wa mzunguko. Usiisukume gari likiwa katika gia ili injini izunguke, kama wafanyavyo wengine. Mtindo huo kwenye mteremko umekwisha kuwaponyoka watu wengi.

Nne, tazama valvu mbili za silinda moja zikibadilishana zamu: ya moshi inamalizia kufunga na ya kuingiza inaanza kufunguka. Wakati huo, silinda mwenzake huwa na valvu zote mbili zimefungwa kabisa, na hiyo ndiyo ya kupimwa. Utaratibu ni huu:

Valvu za 1 zikibadilishana zamu, pima silinda ya 4.
Za 3 zikibadilishana, pima silinda ya 2.
Za 4 zikibadilishana, pima silinda ya 1.
Za 2 zikibadilishana, pima silinda ya 3.

Ili kujua ipi ni ya moshi, fuata mabomba: valvu iliyo mkabala na tundu la bomba la ekzosi ndiyo ya moshi.

Tano, ingiza fila. Ikipita kwa ukinzani mdogo, kama karatasi inayovutwa kutoka ndani ya kitabu kilichofungwa, nafasi ni sawa. Isipofaa, legeza nati, geuza skrubu kwa bisibisi, ushikilie skrubu isisogee, kisha ukaze nati. Pima tena baada ya kukaza, kwani nati mara nyingi huivuta skrubu. Fundi asiyerudia kipimo hiki hajamaliza kazi.

Sita, valvu zote nane zikiwa tayari, zungusha injini mizunguko miwili kamili na uhakiki kipimo kimoja kimoja. Rudisha kifuniko kwa gasketi nzima. Kaza boliti kwa zamu bila nguvu nyingi. Washa gari na uangalie kama oili inavuja.

IKIENDELEA KULIA

Ikiwa vipimo ni sahihi na mlio ungalipo, usikaze. Chunguza uchakavu.

Ncha ya roka ikitumika miaka mingi huchimbika shimo la ukubwa wa shina la valvu. Fila hukaa juu ya kingo za shimo hilo kama ubao juu ya mtaro, nayo huonyesha nafasi ndogo kuliko iliyopo. Hapo ncha husawazishwa na fundi wa mashine, au roka hubadilishwa. Mhimili wa roka nao huliwa upande wa chini. Ishike roka na uitikise kuelekea juu na chini: ikicheza, mhimili umekwisha. Ufito uliopinda hutambuliwa kwa kuuviringisha juu ya kioo. Valvu inayofunguka kidogo kuliko wenzake ni dalili ya kinundu cha kamshafti kilicholika, na hicho hakina dawa ya skrubu.

KUHUSU PROBOX

Katika barabara za Kisii na Nyamira, Probox ndiyo punda wa leo. Wengi huamini kwamba haina tapeti za kurekebisha. Inazo, ila kazi yake ni ndefu zaidi. Nafasi hupimwa kwa fila baina ya kinundu na kikombe. Ikiwa haifai, kamshafti hutolewa, kikombe hupimwa kwa maikromita, na kipya huchaguliwa kwa hesabu hii: unene wa zamani, ongeza nafasi iliyopimwa, toa nafasi inayotakiwa.

Mathalani, kikombe cha milimita 5.12 kwenye valvu ya kuingiza kimeonyesha nafasi ya 0.34, nayo inayotakiwa ni 0.20. Tofauti ni 0.14. Kikombe kipya kiwe cha 5.26.

Kwa kuwa kutoa kamshafti kunahusu pia mnyororo, alama zisipowekwa barabara valvu zinaweza kukutana na pistoni. Asiye na maikromita na spana ya kipimo asiianze kazi hii.

TAPETI INAYONYAMAZA YENYEWE

Kuna jambo ambalo wenye magari ya kale hulisahau. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, na risasi hiyo ililinda viti vya valvu. Mataifa ya Afrika Kusini mwa Sahara yaliafikiana mjini Dakar mnamo 2001 kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondolewa katika ukanda huu. Kwa afya ya watoto, hiyo ilikuwa neema. Kwa baadhi ya injini kongwe zenye viti vya chuma laini, valvu ya moshi huweza kukila kiti chake polepole na kuzama ndani ya silinda hedi. Ikizama, shina hupanda juu na nafasi hupungua.

Gari kama hilo halilii. Huzidi kuwa kimya, hadi siku valvu inapoungua. Dawa ya kudumu ni kumpelekea fundi wa mashine silinda hedi ili atie viti vigumu.

WEKA DAFTARI

Kwa hivyo, sikio pekee halitoshi. Kila unapopima, andika tarehe, kilomita, na nafasi ya kila valvu kabla ya kuirekebisha. Nafasi inayoongezeka kila mara yaonyesha roka au kamshafti inalika. Nafasi inayopungua yaonyesha valvu inazama, nayo ndiyo ya kuogopwa. Silinda iliyopoteza nguvu ipimwe mgandamizo. Mgandamizo ukiwa chini hata baada ya kurekebisha nafasi, na usipopanda ukitia oili kidogo kupitia tundu la plagi, valvu haifungi.

Na unapompelekea fundi gari lako, muulize maswali matatu kabla hajafungua kifuniko: Injini hii hupimwa baridi au moto? Kipimo cha kuingiza ni ngapi, na cha moshi ni ngapi? Fila yako iko wapi? Asiyekuwa na majibu, mwambie aache tapeti zilie hadi upate mwenye nayo. Baina ya nafasi iliyozidi kidogo na iliyopungua kidogo, chagua iliyozidi. Mlio utaweza kuuvumilia hadi Keroka na kurudi. Valvu iliyoungua haitakufikisha.